Chokoleti Iliyokataa Kung'aa

Sura ya Tano

"Tukiibandua lakiri hii, afande, lazima tuandike sababu," Koplo alisema. Mkono wake ulikuwa juu ya kitasa, lakini hakukizungusha.

"Andika kwamba kuna mwanamke amelala sakafuni kituoni kwetu, na kesho asubuhi atasomewa shitaka la kumnywesha mtu sumu," Inspekta akamjibu. "Andika pia kwamba mimi sijaridhika. Haya, fungua mlango."

Koplo akafungua.

Inspekta huyu, kituoni walimwita Mama Taratibu, wengine kwa heshima, wengine kwa kuchoka kumsubiri. Alikuwa mama wa makamo, mfupi, anayetembea kama mtu aliyebeba ndoo kichwani na hataki hata tone limwagike. Kesi hii alikabidhiwa jana jioni, wenzake walipoona imeshakwisha. Na kwa kweli ilionekana imekwisha. Juzi, katika karakana hii ya chokoleti, watu walikusanyika kwa siku ya kuonja kama ilivyokuwa kila wiki. Mwalimu mstaafu, mzee aliyekuwa akiwasimulia wageni habari za kakao, alikunywa kikombe chake, akazungumza kidogo, kisha miguu ikamwishia nguvu. Akaanguka mbele ya watu wote. Binti yake akakimbilia barabarani akipiga kelele kwamba Fundi, mama mwenye karakana, amemuua baba yake. Polisi walipopekua stoo wakatoka na boksi la sumu ya panya. Fundi akatiwa pingu na aproni yake bado kifuani.

Mzee hakufa. Alikuwa hospitali, hajitambui. Lakini mtaa ulikuwa umeshahukumu.

Nyuma yao aliingia Bibi, mama mkwe wa Fundi, kwa sababu sheria inataka upekuzi ushuhudiwe na mtu wa nyumba ile. Alikuwa mwembamba, amejifunga leso kichwani mpaka kwenye nyusi.

"Ingieni, ingieni," akasema. "Mliingia juzi bila kukaribishwa, leo angalau niwakaribishe. Ila mjue, mwanangu wa kuzaa alifariki, Mungu amrehemu. Huyu mke wake ndiye aliyebaki akaniambia, mama, hutoki nyumbani kwangu. Kwa hiyo mliyemfungia ni mwanangu. Msije mkadhani mnaongea na jirani."

"Tumekusikia, mama," Inspekta akasema.

"Kusikia mmesikia. Mtoeni."

Karakana ilikuwa chumba kimoja kirefu. Upande mmoja palikuwa na jiko na karai kubwa la kukaangia mbegu za kakao. Katikati ilisimama mashine ya mawe, ambayo husaga mbegu zilizokaangwa mpaka zitoe mafuta yake na kuwa uji mweusi wa kung'aa. Ilizimwa tangu juzi, na uji uliobaki ndani ulikuwa umeganda. Ukutani palikuwa na ubao ambao Mwalimu alichora bahari mbili kwa chaki na mishale inayozivuka. Hewa ilinukia vizuri mno kwa chumba chenye kesi ndani yake.

"Viko wapi vikombe?" Inspekta akauliza.

Koplo akaweka mezani sanduku la vielelezo. Vikombe vilikuwa vidogo, kila kimoja katika mfuko wake wa nailoni. Siku ya kuonja watu hawakupewa kinywaji cha maziwa. Walipewa chokoleti tupu iliyoyeyushwa, chungu, isiyotiwa sukari, ya kunywa kidogo kidogo. Inspekta akavipanga dirishani kimoja baada ya kingine, akainama mpaka macho yake yakawa sawa na vikombe. Alikaa hivyo muda mrefu.

"Unaona nini, afande?"

"Wewe ndiye mwenye macho ya ujana. Niambie wewe."

Koplo akainama naye. "Naona vikombe vichafu."

"Angalia masalia ya chini. Hiki yamekauka laini, kama rangi iliyopakwa vizuri. Hiki vilevile. Na hiki. Sasa tazama cha Mwalimu."

Kikombe cha Mwalimu kilikuwa tofauti. Kilichobaki ndani yake kilikuwa chembechembe, kimefubaa, kimepasukapasuka kama tope la dimbwi lililokauka.

"Basi hiyo ndiyo sumu," Koplo akasema kwa furaha.

"Au ni kitu kingine. Tusikimbie."

Akaenda bombani, uani, kunawa vumbi la lakiri. Aliporudi alikiendea kipande cha chokoleti kilichokuwa juu ya sinia, anyooshe mkono akiguse. Bibi alipiga yowe mpaka Koplo akashika kirungu chake.

"Mikono ya maji! Weka chini! Weka chini mikono yako!"

"Kuna nini, mama?"

"Maji hayaingii humu! Unaona kuna bomba ndani? Hakuna. Tuliling'oa, tukaliweka uani. Vyombo vikioshwa vinakaushwa, vinaanikwa, ndipo viingie. Mimi siku nilipohamia hapa nilisuuza mwiko nikautia kwenye sufuria ukiwa na matone. Mkwe wangu hakunifokea, ana adabu yule, lakini alikaa kimya mpaka nikatamani anifokee. Sufuria nzima iliharibika."

"Iliharibikaje?"

"Iligoma. Ilikuwa inateleza kama mafuta, mara ikajikunja ikawa kama mchanga uliolowa."

Inspekta akajifuta mikono kwa leso yake, kidole kwa kidole. Kisha akasema kwa upole, "Mama, nionyeshe."

Bibi alimtazama kama aliyeambiwa achome noti. Lakini alikwangua chokoleti kidogo, akaiyeyusha polepole juu ya moto mdogo, akamimina katika vikombe viwili vikavu. Vyote viwili viling'aa. Inspekta akatia kijiko kimoja cha maji katika kimojawapo, akakoroga. Mbele ya macho yao uji ule ukanywea, ukawa mgumu, ukafubaa. Akakiweka dirishani karibu na cha Mwalimu.

Koplo akatazama huku na huku. "Hivi ni mapacha."

"Ndugu wa tumbo moja," Bibi akasema.

"Mama, nani kati ya watu wa humu anaweza kutia maji kwenye chokoleti?"

"Wa humu? Hata usingizini hatutii."

Koplo alikuna kidevu. "Afande, samahani. Labda Fundi alitia maji makusudi, ili tuseme hivi hivi tunavyosema sasa."

"Ni neno la maana," Inspekta akasema, naye alimaanisha. "Lakini fikiri. Fundi ana mashine inayosaga hata jiwe. Angetaka kumpa mtu sumu angeisaga kavu pamoja na kakao, wala usingeona kitu. Kilichoingia kwenye kikombe hiki kilitiwa na mtu aliyelazimika kukilainisha kwanza kwa maji, na asiyejua kwamba maji yatamchongea. Ni mgeni wa kazi hii."

"Siku ile wageni walikuwa wengi."

"Kweli. Mama, siku ile ulikuwa wapi?"

"Kwenye kiti pale, narekodi." Bibi akachomoa simu kutoka kifuani. "Kila wiki namrekodi Mwalimu, namtumia dada yangu. Ana presha kama mimi, na anapenda sana hizi habari za zamani. Waliokuja juzi hawakuniuliza. Waliniambia tu, bibi, kaa pembeni."

Koplo akainamisha macho. Alikuwa mmoja wao.

Simu ikawekwa mezani. Kwanza zikaja kelele za viti na kikohozi, kisha sauti ya Mwalimu ikajaa chumba, sauti ya mtu aliyezoea kusikika mpaka dawati la nyuma.

"...watu wa misitu ya Amerika ya kati, ng'ambo ya bahari mbili hizi, ndio waliotufundisha. Waliinywa chungu, ina povu, wengine na pilipili. Na mbegu zake walinunulia vitu sokoni, kama sarafu! Wewe mama unayecheka, ungekuwa kule, shamba la kakao lingekuwa benki yako. Kisha wakaja wageni kutoka Ulaya, wakaionja, wakakunja uso, wakatia sukari. Ikawa kinywaji cha wakubwa. Karne zikapita ndipo mafundi wakapata njia ya kuikamua mafuta, na wengine wakayarudisha mafuta yale kwa kipimo, ikaganda, ikawa kipande cha kushika mkononi. Kwa hiyo kutafuna chokoleti ni jambo la juzi tu. Wazee wake waliinywa."

Watu wakacheka. Bibi naye akacheka, ingawa alikuwa ameshaisikia.

"Sasa faida yake," sauti ikaendelea. "Kakao chungu, isiyojazwa sukari, ina vitu vinavyoisaidia mishipa ya damu kulegea. Wataalamu wamepima, wakaona presha inashuka kidogo. Nimesema kidogo. Wiki zilizopita niliwaambia maneno makubwa kuliko hayo, na leo nayarudisha. Kakao ni rafiki wa moyo, si daktari wa moyo. Mwenye vidonge ameze vidonge vyake. Na hii mnayonunua madukani, sukari tupu iliyovaa koti la kahawia, hiyo hata urafiki hauna."

Zikasikika nyayo, na sauti ya msichana: "Baba, chukua chako."

"Ahsante, mwanangu. Ulikuwa wapi? Mbona unatoka tena?" Akasikika akipiga funda, kisha, "Eh! Fundi, leo umenipa tope?"

"Hebu, Mwalimu." Ilikuwa sauti ya Fundi, karibu, yenye wasiwasi. "Imekuwaje hii? Nipe nikubadilishie."

"Acha. Nimelelewa vyema, situpi chakula."

"Nipe, tafadhali, hii si yangu hivi."

"Nimeshamaliza."

Inspekta akaizima.

"Koplo?"

Kijana alijibu taratibu, safari hii bila furaha. "Aliyetia sumu hanyooshi mkono akitaka kikombe kirudi. Tena mara mbili."

"Hanyooshi. Na maji yako uani tu. Sasa niambieni nani alikaa karibu na mlango wa uani."

"Bwana Peremende," Bibi akasema kabla hajaulizwa tena. "Huyo hapo ng'ambo ya barabara. Analitaka jengo hili mpaka anakonda. Nilisema tangu mwanzo ni yeye!"

Bwana Peremende hakuwa amekonda hata kidogo. Alikaa nyuma ya mitungi ya peremende za rangi zote, na alipoona sare zinaingia, jasho lilimtoka kabla salamu haijafika.

"Nilikwenda kuonja tu," akasema.

"Sijakuuliza bado."

"Basi niulize."

"Ni kweli unalitaka jengo la Fundi?"

"Nalitaka. Nililitaka na bado nalitaka, lina kivuli cha mchana na mlango mpana. Lakini afande, kutaka nyumba ya mtu si kumnywesha mzee wa watu sumu. Mwalimu alinifundisha kuandika jina langu!"

"Ulikaa wapi siku ile?"

"Nyuma. Karibu na mlango wa uani."

"Mtu aliyekuja kuonja akakaa mbali na vikombe?"

Bwana Peremende akamtazama Koplo, akatazama mitungi yake, akaona haimsaidii. Akavuta droo, akatoa leso ya karatasi iliyokunjwa. Ndani yake palikuwa na kipande cha chokoleti, kimeyeyuka na kuganda tena.

"Nilikificha," akasema kwa sauti ndogo. "Nilitaka kumpa binamu yangu, anajua mambo ya kupika, aniambie yule mama anatengenezaje. Ndiyo maana nilikaa nyuma, na ndiyo maana nimekaa kimya. Mngeniita mwizi."

"Wewe ni mwizi," Koplo akasema.

"Wa kipande!"

"Leo sikuja kwa ajili ya kipande," Inspekta akasema. "Mlango wa uani unatazama bomba. Kabla Mwalimu hajapewa kikombe, ulimwona nani pale?"

"Hakukuwa na mtu. Alikuwepo binti yake tu."

"Akifanya nini?"

"Anakoroga. Alikuwa na kikombe cha baba yake na kijiko, akakinga maji kidogo bombani, akakoroga. Nikajua anaipoza, mzee asijiunguze. Binti mwema yule. Nikasema moyoni, mimi watoto wangu wangeniacha niungue ulimi." Akasita. Macho yakamtoka. "Afande, sijasema lolote baya juu yake. Ee, sijasema!"

"Hujasema. Umesema ulichoona, na utakirudia mbele ya karani wetu. Na hicho kipande kirudishe kwa mwenyewe, kwa mkono wako."

Walipotoka, Koplo alikuwa na haraka. "Twende tumkamate."

"Kwa kukinga maji? Kwanza tujue alichoyachanganya nacho. Halafu tujue kwa nini. Binti anayesifiwa kuwa mwema kwa baba yake, amtie sumu mbele ya mtaa mzima? Kuna kitu hakijakaa."

Hospitalini daktari aliwapokea koridoni, faili chini ya kwapa.

"Mapigo yameanza kupanda," akasema. "Mungu akipenda ataamka leo. Na niliandika tangu juzi, sijui kama imesomwa: sumu ya panya ya boksi lile humfanya mtu avuje damu, tena si papo hapo, hupita siku. Huyu hakuvuja. Moyo wake ulipunguza mwendo na presha ikaanguka chini. Kama mtu aliyemeza dawa za presha kupita kiasi."

"Anatumia dawa hizo?"

"Binti yake anasema aliacha, tangu alipoanza hii kakao. Ndiyo maana sikuelewa."

"Nguo alizokuja nazo ziko wapi?"

Zililetwa katika mfuko. Inspekta akapekua koti mbele ya daktari na Koplo, mfuko mmoja mmoja: chaki, kitambaa, na kasha la miwani. Miwani haikuwemo ndani ya kasha. Ilikuwemo pakiti ya vidonge, mpya, ya zahanati ya mtaa, na vichache vilikuwa vimeshatolewa.

Daktari akaigeuza. "Hivi ndivyo vidonge vyake vilevile."

"Kwa hiyo hakuacha," Koplo akasema.

"Aliacha, kisha akarudi kimyakimya," Inspekta akasema. "Si ulimsikia kwenye simu? 'Maneno makubwa leo nayarudisha.' Alijirudi mbele ya watu. Ila yuko mtu mmoja ambaye hakuyasikia maneno hayo, kwa sababu wakati yanasemwa alikuwa uani, bombani."

Binti alikuwa kwenye benchi nje ya wodi. Alikuwa mshonaji, na pini zilikuwa bado zimechomekwa kwenye ukosi wa gauni lake, kama mtu aliyetoka cherehani bila kujitazama. Inspekta akakaa kando yake, si mbele yake. Koplo akabaki amesimama.

"Umekula, mwanangu?"

"Chakula hakipiti."

"Ni lazima nikuambie kwanza: huna lazima ya kunijibu, na utakachosema nitakiandika. Umeelewa?"

Binti akatikisa kichwa kukubali. Vidole vyake vilishika pini moja, vikaizungusha.

"Ulitia nini kwenye kikombe cha baba?"

"Fundi ndiye..."

"Fundi amekuwa mdomoni mwako tangu juzi. Leo mwache apumzike. Ulitia nini?"

Muuguzi akapita na toroli. Magurudumu yake yalilia mpaka mwisho wa koridoni, na yalipokwisha kulia binti alikuwa tayari analia yeye.

"Dawa yake," akasema. "Dawa yake mwenyewe, mama. Sikumtia sumu. Alikataa vidonge! Kila asubuhi namwekea pembeni ya sahani, ananiambia, mimi sasa nina kakao, watu wa kale waliishi nayo. Mama yangu alikufa kwa presha. Nikaona na huyu anaondoka hivihivi, huku anacheka. Ile chokoleti ni chungu, nikajua hatasikia ladha. Nikavisaga nyumbani, nikavilainisha kwa maji pale bombani."

"Vingapi?"

"Vya siku alizoruka. Nilivifidia vyote."

Daktari, aliyekuwa mlangoni, akafumba macho.

"Na yeye," Inspekta akasema polepole, maana hapakuwa na njia nyingine ya kulisema, "alikuwa ameshaanza tena kuvimeza. Asubuhi ile alimeza chake. Alikuficha."

Binti akamtazama kana kwamba amesemeshwa lugha asiyoijua. Kisha akajikunja, paji la uso likagusa magoti. Inspekta akamchomolea pini za ukosini moja baada ya nyingine, zisimchome, akampa Koplo azishike.

"Na Fundi, mwanangu? Kwa nini Fundi?"

"Nilipiga kelele kabla sijafikiri. Alikuwa ameanguka, na kikombe kilikuwa cha Fundi. Kisha wakatoka na lile boksi la sumu. Nikasema, Ee Mungu, kumbe si mimi! Nikaling'ang'ania lile boksi. Usiku nikilala najua. Asubuhi naling'ang'ania tena."

"Ungemwacha aende mbele ya hakimu?"

Ndani ya wodi mtu alikohoa, kikohozi kile kile cha kwenye simu, na daktari akawa ameshaingia.

Mwalimu alikuwa amefumbua macho. Alikuwa mdogo kitandani kuliko sauti yake. Alimwona binti yake akaanza kutabasamu, akaona uso wake, akaacha. Inspekta akamweleza kwa maneno machache, kama mtu anayempitisha mgonjwa kwenye ngazi. Mzee alisikiliza mpaka mwisho.

"Daktari wa zahanati alinigombeza," akasema kwa sauti ya kukwaruza. "Akanipima, akanionyesha namba. Nikarudi kwenye vidonge. Lakini wewe nilikuwa nimekutambia sana, mwanangu. Nikasema nitakuambia wiki ijayo, nikipata namna ya kulisema bila kuonekana mjinga. Nimefundisha miaka yote hiyo nikiwaambia watoto, ukikosea futa, andika upya. Ubao wangu mwenyewe nikauficha."

"Nisamehe, baba."

"Tutasameheana, tuna muda. Fundi yuko wapi?"

Binti akajifunika uso.

"Yuko wapi Fundi?" Alijaribu kuinuka, waya zikavutika, daktari akamrudisha kwa mabega. "Mmemfunga yule? Aliyekuwa ananinyang'anya kikombe? Mtoeni! Mtoeni kwanza, mimi nitapona baadaye."

Kituoni binti aliandika maelezo yake mwenyewe, kwa mkono wake, akishona sentensi taratibu. Alipomaliza, Inspekta akamweleza jinsi mambo yalivyo: atadhaminiwa, faili litakwenda kwa mwendesha mashtaka, na baba yake ameshasema hataki kesi. Hilo litasaidia, lakini hakuna wa kumwahidi kitu. Binti akasema ameelewa. Kisha akaomba amwone Fundi kabla hajaondoka.

Fundi alitolewa mahabusu akiwa na aproni ileile, nywele zimemtimka, macho mekundu. Bibi alimvamia kwenye kaunta, akampapasa mikono na mashavu kama anayekagua bidhaa iliyosafirishwa mbali. "Amekonda! Siku mbili tu amekonda! Mmempa nini huyu?" Koplo akasimama kimya, akapokea maneno yote kama mvua. Kisha akasema, "Bibi, niku... nisamehe. Juzi nilikuambia ukae pembeni." Bibi akamwangalia juu mpaka chini, akasema, "Kesho uje kunikwangulia ile mashine," na hayo yakawa maongezi yao.

Binti alikuwa amesimama karibu na ukuta.

"Dada," akasema. "Ni mimi. Nilimtia dawa zake, nikazidisha. Nikakusingizia. Nimeandika yote."

Fundi alichukua mkoba wake kaunta, akaangalia kama funguo zimo, akaufunga. Inspekta, ambaye katika kazi hii alikuwa ameona watu wakipigana kwa jambo dogo kuliko hili, alisogea hatua moja karibu.

"Baba yako ameamka?" Fundi akauliza.

"Ameamka. Anakuuliza wewe."

"Mungu ashukuriwe." Akapumua. "Nilidhani nitasikia amekufa, na mimi humo ndani hata pa kumlilia sina. Nilijua kikombe kile kina kitu. Nilikishika na vidole viwili, kidogo tu nikipate. Humo ndani nilikuwa nakirudia hicho tu: kwa nini sikukivuta kwa nguvu."

"Dada, nisamehe."

"Ulinipigia kelele barabarani, mdogo wangu. Si uchochoroni. Ulisimama katikati ya barabara, mbele ya maduka yote, ukaniita muuaji, na watu walionunua kwangu miaka yote wakafunga madirisha."

"Najua."

"Kama unajua, basi hatupiti nyuma." Fundi akaivua aproni, akaikunja mara mbili, akampa Bibi. "Tutapita hapo hapo, polepole, tukienda kumwona Mwalimu. Atakayesimama kutuangalia, wewe ndiye utakayemwamkia kwanza. Na akiuliza, wewe ndiye utakayejibu. Mimi nitakuwa kando yako. Utaweza?"

Binti akautazama mlango. "Sijui."

"Nami sijui kama nitaweza kusimama kando yako. Tutajua tukifika duka la kwanza."

Wakatoka kwa mlango wa mbele. Inspekta akasimama kwenye kizingiti akiwatazama, wanawake wawili wakienda bega kwa bega bila kushikana mikono, Bibi nyuma yao na aproni kifuani. Jua la alasiri lilikuwa bado kali. Katika duka la kwanza mwenye duka alitoka nje, vitambaa begani, akabaki mdomo wazi. Maneno hayakufika mpaka kituoni. Ila Inspekta alimwona binti akisimama na kuinua uso. Alimwona akisema kitu kirefu, mkono ukijipiga kifuani mwenyewe, na mwenye duka akiacha vitambaa vianguke. Kisha wakaendelea.

Baada ya duka la tatu, Fundi alikuwa ameshamshika mkono.